Themosi Iliyorudi Peke Yake

Baba Halima,

Salaam aleikum, huko uliko. Sijui nani atakuletea barua hii, maana madereva wa malori ya Merti wameshanichoka. Wakiniona stendi wananiambia kabla sijafungua mdomo, "Mama Halima, hatujamwona." Simu yako nimeipiga mpaka yule dada anayesema hupatikani nimeanza kumchukia kama mke mwenza. Miezi mitano sasa. Uliniambia unawafikisha ngamia kwenye majani ng'ambo ya Biliqo, unawaachia wachungaji, unarudi. Nikakuuliza siku ngapi. Ukasema, "Kumi. Zikizidi sana, kumi na mbili." Wewe na hesabu zako.

Juzi ndugu yako Guyo alikuja na themosi yako. Ile ya chuma, iliyobonyea karibu na mshikio. Wachungaji waliiokota kwenye laga, ule mkondo wa mto uliokauka, pamoja na shuka lako, na hapakuwa na kitu kingine. Guyo aliiweka mezani, akavua kofia, akatazama sakafu. Nikaichukua, nikaitikisa. Ilikuwa na chai ndani, kama nusu hivi. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi, wallahi. Nikamwambia, "Shemeji, umeona? Hakuwa na kiu. Mwenye kiu haachi chai." Akanijibu polepole, "Na mtu mzima wa afya haachi themosi yake." Nikamwambia amalize maji yake aende.

Tangu siku hiyo nimekaa na hii themosi, lakini ninayoiwaza ni ile ya kwanza, ya maua mekundu, tuliyopewa harusini. Mimi nilikuwa nimetoka bomani kwa mama. Themosi nilikuwa nimeiona kwa watu tu. Nilichojua ni kibuyu: chombo cha maziwa hufukizwa kwa moshi, ndipo maziwa yakae na yanukie vizuri. Basi asubuhi ya tatu ya ndoa yetu nikachukua kijinga cha moto, nikakitumbukiza ndani ya themosi mpya, nikaanza kukizungusha nikijiona mke hodari. Kioo cha ndani kikapasuka pah! Nikabaki katikati ya moshi na vipande, nalia, na mama yako upande wa pili anauliza ni nini hicho. Ulikuja mbio, ukaona kijinga mkononi mwangu, ukaelewa. Ukapaza sauti, "Ni mimi, mama. Nimeiangusha." Alikusema mpaka adhuhuri, kwamba hata yai huwezi kubeba. Mpaka tunamzika hakuujua ukweli.

Tulipobaki wawili ulicheka ukashika mbavu. Ukaniambia, "Hii haitaki moshi. Hii inataka kifuniko tu." Mimi siku ile ndipo nilipokupenda. Sijawahi kukuambia kwa sababu wewe ukisifiwa unaota pembe.

Halafu ukanunua hii ya chuma, ukanipa ukisema, "Haya, fukiza mpaka uchoke." Nami nikawa naifukiza kweli, kila ukisafiri. Watu wa Kipsing walikuwa wakionja chai yako wanajua imetoka kwangu. Lakini wewe hukuwa na adabu na kile chombo. Kumbuka ulivyokitia maziwa ya ngamia yaliyotoka kukamuliwa, bado ya moto, ukakaza kifuniko ukasema yatafika mjini vile vile. Yalifika yameganda, na kwa kichwa chako kigumu ukayanywa. Siku mbili ulishinda chooni, mimi nakupikia uji. Nilikuambia: ukifungia maziwa kwenye joto yanaharibika haraka zaidi. Ukaniuliza kwa nini basi chai haiharibiki. Nikakutupia kandambili.

Sasa nisikilize vizuri. Jana Guyo alirudi na wazee watatu wa ukoo. Wanasema inatosha. Wanataka wakusomee dua, na mimi nikae eda. Shekhe aliwaambia mambo ya mtu aliyepotea hayana haraka, hakuna mwili, hakuna shahidi, waende kwa kadhi. Wamepanga Jumatatu. Mzee mmoja, yule mwenye kikohozi, akaniambia bila ubaya wowote, "Mama, kadhi atakusikiliza wewe kwanza. Atakuuliza kama unaamini mumeo yu hai." Wote wakanitazama. Nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida.

Huwezi kujua mzigo huu ulivyo. Nikisema umekufa, nitakuwa nimekuzika kwa mdomo wangu, na wewe labda umelala kwenye manyatta ya watu na mguu umevunjika. Nikisema u hai, wataniuliza ninajuaje, na sina cha kuwaonyesha ila nusu themosi ya chai iliyooza. Halima anasikia kila kitu. Amekunja pua akaniuliza kwa nini siimwagi. Nikamgombeza, mtoto wa watu hana kosa. Siwezi kuimwaga, Baba Halima. Mkono haukubali.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, na wewe ndiye nitakayekuambia. Tangu uondoke, kila asubuhi napika chai ya watu watatu. Ya kwako naitia kwenye ile themosi ndogo ya plastiki, jioni naigawa kwa majirani, kesho yake napika tena. Sijaruka hata siku moja, hata nilipokuwa na homa. Wananicheka, najua. Wacha wacheke.

Leo asubuhi nilipika, nikammiminia Halima, nikajimiminia, nikakuta sufuria imeisha. Nilipima maji ya watu wawili. Hakuna aliyeniambia nipime hivyo. Sikuwaza lolote, nilikuwa hata naimba. Nilikaa chini hapo hapo jikoni na kikombe changu, nikashindwa kukinywa.

Kwa hiyo siwaogopi wazee, wala Guyo, wala kadhi. Najiogopa mimi. Leo ni Alhamisi. Akiniuliza Jumatatu kama naamini u hai, naogopa mdomo utajibu kama mkono ulivyojibu.

Njoo. Ngamia wote wakifa, njoo. Ukiwa umeoa huko, njoo naye, tutagombana baadaye. Tuma hata mtu aniletee neno moja la matusi, nitajua ni lako. Nakuomba, Baba Halima, usiniachie mimi kulijibu swali la kadhi.

Ni mimi mkeo, ambaye mpaka saa hii si mjane,
Mama Halima