Ndevu za Upande Mmoja

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Kliniki.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya habari nyingine yoyote. U hali gani? Mgongo unakuacha ulale sasa? Na shemeji, miguu bado inamvimba akisimama sana dukani? Sisi huku hatujambo. Presha yangu imetulia, na mke wangu kikohozi kimemwisha. Amerudia kazi yake ya kunikosoa.

Barua yako niliipata. Haikuwa na tarehe, kwa hiyo sijui kama kimya changu kimekuwa cha majuma mawili au matano. Vyovyote iwavyo, nisamehe. Nilikuwa na shughuli, na leo nakuandikia kwa furaha kwa sababu shughuli hiyo tumeishinda.

Habari yenyewe ni binti yako, daktari wetu wa meno. Unajua alivyohangaika mpaka kliniki ikamruhusu kuokoa meno badala ya kuyang'oa tu. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Siku ya kwanza hulisafisha jino hadi kwenye mizizi, akatia dawa na kuliziba kwa muda. Baada ya majuma mawili mgonjwa hurudi ili lizibwe kabisa. Tatizo ni kwamba maumivu huisha siku ile ya kwanza. Mtu hutoka pale akijiona amepona, na haonekani tena. Kizibo cha muda hulika, uchafu hupenya, na jino lililokuwa limeokoka huishia kwenye koleo.

Mwishoni mwa Aprili, kati ya wagonjwa thelathini na sita alioanza kuwatibu, waliorudi walikuwa tisa. Mkuu wa kliniki alimwita ofisini, akamwambia kwamba isipofika nusu yao kabla ya katikati ya Juni, kiti cha meno kitakuwa cha kung'olea tu. Siku hiyohiyo alikuja kwangu, akaketi jikoni na koti lake jeupe, asiguse hata chai. Miaka yote hiyo ya kusoma, mdogo wangu, ili aje kushika koleo.

Niliamua kumsaidia, na nilianza kwa kukosea. Unajua nilisimamia shule miaka thelathini na mmoja. Nilichukua mezani kwake orodha ya wasiorudi, nikainakili kwa herufi kubwa, juu nikaandika WATORO, nikaibandika mlangoni mwa kliniki. Kufika saa sita hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye mabenchi. Binti yako aliibandua mwenyewe.

"Baba mkubwa," aliniambia, "hawa si wanafunzi wako. Ni watu wazima, na siri zao mimi ndiye niliyekabidhiwa."

Alisema kweli, nami nilimwomba radhi.

Kinyozi wetu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hakuna ajuaye pa kumzimia, naye alikuwa mgonjwa wa binti yako. Hakulificha hilo, alilitangaza. Kila aliyekalia kiti chake aliambiwa kwamba gego lake limepona kwa siku moja, na kwamba wanaorudi kwa daktari wanajitafutia balaa. Nilipogundua kwamba mtaa mzima umelishwa maneno hayo, nilikwenda kunyolewa ndevu.

"Jino limenyamaza, Mwalimu," aliniambia, wembe ukiwa shavuni pangu. "Nikalichokoze ili iweje?"

Alipomaliza shavu la kulia na kugeuka kufuta wembe, nilivua kitambaa shingoni, nikavaa kofia yangu, nikashika njia ya mlangoni.

"Mwalimu! Unakwenda wapi? Sijamaliza!"

"Haziniwashi tena," nilisema. "Nimepona."

Wateja waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. "Leo Redio kazimwa!" mmoja alipiga kelele. Redio alinifuata hadi barabarani, povu limemjaa mikononi.

"Mzee wangu, nakuomba. Watu watauliza nani kakunyoa hivyo!"

"Nitawaambia."

Na niliwaambia. Siku tatu nilitembea na ndevu shavu moja, posta, sokoni, hata kwenye kikao cha wastaafu. Mke wangu alikataa kuongozana nami. Unanijua: sijapata kutoka nje bila kufunga kifungo cha shingo. Lakini kila aliyeuliza nilimjibu kwa utaratibu kwamba kinyozi atanimalizia siku atakayomaliziwa jino lake. Wengi walicheka. Wengine walijishika shavu.

Siku ya nne asubuhi Redio alinigongea mlango.

"Twende huko kwa daktari," alisema, "kabla hujanifungia duka."

Binti yako alikuta kizibo kimebaki kama ganda la yai. Lingepita juma moja zaidi, jino lisingeokoka. Akalisafisha upya, akaliziba kabisa. Redio alitoka akaninyoa shavu la kushoto palepale kwenye baraza ya kliniki, watu wakipiga makofi, naye kwa mara ya kwanza hakuweza kusema neno, maana mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi.

Baada ya hapo watu walianza kunisimamisha njiani, nikasikia nisilolijua. Wengi walitaka kurudi ila wote walikuwa wameandikiwa saa mbili asubuhi. Mwoka mikate aliniambia kwamba saa hiyo mikate yake imo tanurini, aiache iungue? Basi nilichora ratiba, kama nilivyozoea, lakini safari hii kila mtu alichagua saa yake. Binti yako huwapigia simu siku moja kabla, akawajulia hali, bila kukemea. Mwoka mikate alikuja saa tano kamili, unga ungali kwenye nyusi.

Jana mkuu wa kliniki alihesabu mwenyewe: thelathini na watano! Kiti kinabaki cha kuokoa meno, na ratiba yetu itatumika kwa wagonjwa wote. Binti yako alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Natamani ungemwona.

Amebaki mgonjwa mmoja. Nililiona jina lake tangu siku ile ya orodha, na nilipoandika karatasi ya mlangoni nililiruka, jambo ambalo linanitia aibu kuliko zile ndevu. Jina hilo ni lako. Ulikalia kiti cha binti yako ulipokuja likizo mwezi wa Machi, ukainuka huna maumivu, ukapanda basi. Yeye hakuthubutu kukuandikia. Anasema baba mzazi hakemewi. Mimi si binti yako.

Nimetia kadi ndani ya bahasha hii. Siku ameiandika yeye: tarehe 28 mwezi huu. Saa ameiacha wazi, uchague mwenyewe. Ijaze, uirudishe upesi.

Msalimie sana shemeji, wanao wadogo, na mama mkwe wako. Mke wangu anakusalimu, na ameshatandika kile kitanda cha dirishani. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu salama. Binti yako atakuwa mlangoni.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako mkubwa.