Mgeni wa Benchi la Nje

Kambini, 4 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shangazi. Mimi sijambo, ila miguu inalalamika kama kawaida yake. Simu zetu walizikusanya siku ya kwanza, tutarudishiwa mashindano yakiisha, kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani.

Unakumbuka mwaka jana nilivyosimama katikati ya uwanja, umebaki mzunguko mmoja, na miguu mizima. Safari hii wametuletea mwalimu wa akili. Kazi yake si mbio, ni kichwa. Tunamwita Mama Pumzi, maana kwake kila kitu kinaanza na kuvuta pumzi. Anasema maumivu ni mgeni. Akipiga hodi, usimfukuze wala usimkaribishe. Mwambie, "Nimekusikia, kaa benchi la nje, nina kazi." Nilicheka, lakini jana nimemaliza mizunguko yote bila kusimama.

Nikishindwa tena mwezi wa tatu, Baba, wananirudisha nyumbani moja kwa moja, na mimi sijui kufanya kitu kingine.

Bintiyo,
Kiberiti

* * *

Nyumbani, 19 Februari

Marahaba mwanangu Kiberiti,

Barua tumeipata, tumefurahi. Sisi hatujambo, tunapumua. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama mnapewa blanketi.

Huyo Mama Pumzi ni mtu wa maana. Nimejaribu somo lake hapa kiwandani. Tangu mwaka uanze, nikibeba gunia la unga kutoka stoo hadi kwenye mashine ya kukandia, kifua kinabana kama kuna mtu amenikalia, na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Shangazi yako kutwa ni hospitali, hospitali, hana wimbo mwingine. Basi juzi kikaanza kubana, nikasimama, nikavuta pumzi, nikamwambia, "Nimekusikia mzee, kaa nje, mikate inaungua." Akakaa! Nikabeba magunia mpaka zamu ikaisha. Waokaji wenzangu sasa wananiita Mwanariadha, na Shangazi nimemwambia daktari wangu yuko kambini.

Wewe kaza buti, ya nyumbani usiyawaze.

Baba yako

* * *

Kambini, 6 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mimi mzima wa afya. Barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini, wasichana wamecheka mpaka machozi. Wanakuita mwanafunzi wa mbali. Mama Pumzi peke yake hakucheka. Aliuliza una umri gani na kama umepimwa. Nikamwambia baba yangu ana nguvu za trekta, hajawahi kulazwa. Akataka kusema kitu, kocha akatuita uwanjani.

Nakuongezea mbinu. Mgeni akizidi kugonga, kila ukitoa pumzi sema moyoni, "Bado." Jana nimesema bado, bado, mpaka nikawaacha wote nyuma.

Jambo lingine. Kuanzia wiki ijayo tunaingia kwenye kanuni ya habari njema. Mashindano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mpaka hapo barua za nyumbani zisiwe na ugonjwa, ugomvi wala msiba. Kichwa kikiingia wasiwasi, miguu inajua. Mwambie na Shangazi tafadhali, maana mdomo wake naujua.

Bintiyo,
Kiberiti

* * *

Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu Kiberiti, marahaba.

Mimi sijambo kabisa. Shangazi hajambo. Paka wa jirani naye hajambo, amezalia kwenye kapu la nguo zangu na sasa navaa mashati yenye manyoya. Kiwandani wamenipandisha cheo: sibebi magunia tena, nakaa kwenye meza ya kufungia mikate, kazi ya raha kama ya bibi harusi.

Shangazi yako alitaka kukuandikia, nikaficha kalamu. Akataka kupiga simu kambini, nikaizima simu yangu yenye namba ya kambi, nikaitia kwenye kopo tupu la sukari, juu ya kabati asikofika. Nimewaambia wote, hapa na kiwandani, kwa lolote litakalotokea, mtu asikutafute mpaka Jumapili ipite. Kanuni ni kanuni.

Mgeni wetu yupo. Siku hizi haondoki benchini, lakini mlango sijamfungulia. Nasema bado, bado. Ukifika mzunguko wa mwisho, ujue na mimi nasema pamoja na wewe.

Baba yako

* * *

Kambini, 24 Machi

Baba, shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Mama Pumzi ametufundisha sehemu aliyokuwa ameiweka mwisho. Wageni ni wawili. Wa kwanza ni uchovu, huyo ndiye wa benchini. Wa pili amekuja kukuambia nyumba inaungua, na huyo anafunguliwa hapo hapo, hata kama umebakiza hatua moja kushinda. Akasema kifua kubana na mkono kufa ganzi si uchovu. Alikuwa ananitazama mimi.

Nenda hospitali ukimaliza kusoma hapa. Usimalize zamu. Achana na kanuni, niandikie hata kama ni mabaya. Mama Pumzi amenipa simu yake, nimekupigia kutwa nzima, yako imezimwa, na ya Shangazi siijui kwa kichwa. Naogopa, Baba. Dereva anayetuletea chakula anaondoka na barua hii sasa hivi.

Bintiyo

* * *

Nyumbani, 9 Aprili

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako. Barua yangu ya mwisho ilifika Jumatatu baada ya mashindano, na wewe ulikuwa umeshaondoka tangu Ijumaa, mezani, umeshika mfuko wa mkate. Mwenzako wa zamu anasema midomo yako ilikuwa inacheza, wakadhani unasali. Mimi najua ulichokuwa unasema.

Hawakunitafuta. Uliwakataza, wakatii. Jumapili nikakimbia, na mzunguko wa mwisho nikasema bado, nikijua na wewe unasema. Nilishinda. Nilicheka na kupigwa picha jioni ile yote, na wewe uko chumba cha maiti unanisubiri.

Mazishini sikulia. Mgeni alipiga hodi, nikamwambia akae nje, akakaa. Watu wakasema binti huyu ni jasiri. Shangazi akawajibu, "Ujasiri gani? Huyu amejifungia." Mama Pumzi alikuja, akakaa nyuma kabisa. Alinishika mkono akasema alipaswa kuanza na lile somo la mwisho. Sikumlaumu, maana aliyekufundisha wewe si yeye, ni mimi. Kambini wananiita nirudi, na sijawajibu.

Leo asubuhi Shangazi amepanda juu ya stuli, akateremsha kopo la sukari, akaiwasha simu yako. Ikatulia kidogo, halafu zikaanza kuingia taarifa za simu zangu za siku ile, namba ya Mama Pumzi, moja baada ya nyingine, mpaka Shangazi akaiweka mezani akatoka nje.

Hapo yule mgeni akapiga hodi tena, Baba. Nimemwambia karibu.

Bintiyo