Alama ya Hina Kwenye Kiti cha Nyuma

Kasulu,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwa simu hutaki, na haki yako. Hujambo lakini? Lile goti la kulia limepoa au bado linakulilia ukichuchumaa jikoni? Hapo Pangani embe zimeiva? Sisi huku wazima, tunakula, tunacheka, ila baridi ya asubuhi hii mpaka leo sijaizoea. Miaka thelathini nimeolewa huku na bado naota moto kama mgeni.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Unaona herufi zilivyo kubwa kama za ukutani? Darasa la nne lenyewe sikulimaliza, unajua. Zainabu alitaka aniandikie nikakataa. Nikimtajia yeye aandike, tayari tumekuwa watatu, na mambo ya watatu ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Usiichane dada. Nakwambia mapema ninachotaka ili usije ukachoka njiani. Nataka unisamehe. Na nataka uje umpeleke mwanao Zainabu kwa mume, Kibondo, mvua zikikata. Hayo mawili tu. Yaliyobaki ni habari, na mimi kwa habari unanijua.

Uliniambia mimi peke yangu kwamba Mzee Bakari amekuposa. Ukasema, "Tatu, usimwambie mtu mpaka niongee na wanangu." Nikaapa. Wiki haikuisha! Nikamrekodia sauti binamu yetu Mwanaidi, nacheka kama mwehu, "Jamani, da Mwanahawa anaolewa!" Kumbe nimebonyeza kundi la ukoo mzima. Wanao wakayasikia kwenye simu kabla ya kuyasikia kinywani kwako. Wakanuna. Mzee wa watu akaona haya, akanyamaza, na wewe ukanifungia simu. Sijitetei dada. Kidole ndicho kilichokosea kitufe, lakini mdomo haukukosea, mdomo ulijua unachofanya.

Nilitaka nimpigie Mzee Bakari mwenyewe nimweleze. Shemeji yako akaninyang'anya simu akaitia mfukoni. "Umeshasaidia vya kutosha," akasema.

Sasa sikiliza habari ya gari, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Unalikumbuka gari la marehemu baba mkwe? Lile jeupe la pua ndefu, la viti vya ngozi rangi ya maziwa, lililotupokea stesheni Kigoma ulipokuja kunileta? Lipo! Tangu mzee afe limelala chini ya bati nyuma ya nyumba, kuku wanatagia. Basi Zainabu kaposwa na kijana wa Kumsenga, huko Kibondo, fundi wa umeme wa jua. Mpole, anaswali, baba yake anafuga nyuki. Mama yake sasa, yule mama ana jambo moja dada, nikikwambia utashika... La. Naishia hapo. Unaona? Najifunza.

Zainabu akasema, "Mimi siendi Kumsenga na gari la kukodi. Nataka gari la babu." Shemeji yako alifurahi mpaka akavaa kofia. Akaleta fundi wa injini, likakohoa siku mbili, siku ya tatu likanguruma. Lakini ndani! Ngozi imepauka kama visigino vyangu wakati wa kiangazi. Imekakamaa, imepasuka mistari mistari, ukikaa inakufinya. Nikasema hiyo niachieni mimi.

Mimi huku nimejifunza kwamba kitu kikikauka kinapakwa mawese. Mguu ukikauka, mawese. Bawaba ikilia, mawese. Basi nikachukua dumu, nikavua khanga ya juu, nikapaka viti vya mbele mpaka mkono ukauma. Nikapaka, nikasugua, nikapaka tena, naimba. Nikaacha milango wazi viote jua vinywe vizuri.

Saa nane narudi, dada, viti vyekundu kama mchuzi! Mafuta yanatiririka mpaka chini, sisimizi wameshapanga mstari kutoka ukutani, na jogoo kasimama kwenye kiti cha dereva anadonoa. Jirani yangu Mama Neema, Muha wa Heru Juu anayeniletea muhogo, akachungulia na kapu lake kichwani, akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye Mama Zainabu. Tunakula saa ngapi?"

"Tunakula nini?"

"Si unalipika hili gari? Mimi naona chumvi tu haijaingia."

Nikamtukana kidogo, akanitukana kidogo, tukacheka. Ila Zainabu hakucheka. Alitazama tu, machozi haya hapa. "Mama, nitashuka kwa wakwe na shela nyeupe, matako mekundu?" Hapo nami nikanywea.

Mama Neema ndiye aliyenipeleka kwa Papa Esperansi. Ni Mkongo wa kule kambi ya wakimbizi, anashona viatu na mabegi, siku akipata kibali anakuja kukaa sokoni na sindano zake. Mtu mzima, mrefu, anavaa tai hata akishona kandambili. Akaja nyumbani, akainusa ngozi.

"Mama, ulipaka nini ku hii kiti?"

"Mawese."

"Mawese ya kula?"

"Kwani kuna mengine?"

Akakaa kwenye kigoda akavua kofia, akacheka mpaka tai ikapinda. "Ngozi iko na kiu, njo kweli. Lakini hauwezi kuipatia supu, mama."

Dada, yule mzee ana mikono! Kwanza alitaka unga wa muhogo. Nikajua ana njaa, kumbe ni wa viti. Tukavinyunyizia unga vikawa vyeupe kama maiti aliyepakwa kafuri, Mungu anisamehe, tukaviacha mpaka kesho yake. Unga ukanyonya mafuta ukawa wa manjano, tukaukung'uta, tukarudia mara tatu. Nilimwaga muhogo wa kula wiki nzima. Halafu kitambaa chenye maji kidogo na povu la sabuni ya mche, anafuta kama anamwogesha mtoto mchanga. Msasa laini kwenye mipasuko, gundi, tena msasa. Halafu rangi. Anachovya sponji, anagusagusa, tabaka nyembamba ambayo huioni, anangoja kivulini ikauke, anaweka nyingine. Mimi nilitaka amwage tuishe! "Polepole mama. Ukiharakisha itapasuka tena pale pale."

Na mimi kazi yangu ilikuwa kushika bakuli na kupiga domo. Nilimwambia habari za mji wote. Yeye anasema "ee", "ee", basi. Siku moja nikamuuliza, "Papa, wewe mbona husemi habari za watu?" Akasema, "Mama, kule tulitoka, maneno ilichoma nyumba." Akaendelea kugusagusa rangi. Nilikaa kimya mpaka adhuhuri. Mama Neema alikuja kuuliza kama naumwa.

Haya, tukafika kiti cha nyuma. Kile mawese hayakukigusa, kwa sababu baba mkwe alikishonea nailoni ngumu siku ile ile tuliyofika, na haikuvuliwa tena. Papa Esperansi akakata nyuzi, akaivuta.

Mkono, dada. Uko pale. Vidole vitano vimetawanyika kwenye ngozi, rangi ya hina iliyoiva.

Unakumbuka. Nyumba ile ya Kigoma tuliyolala tuliposhuka treni walinipaka hina alfajiri, wakanifunga vitambaa, wewe umekaa pembeni yangu umenishika mkono wa kulia njia nzima. Joto, na mimi mbishi, nikavifungua vitambaa. Tukaingia kwenye korongo, gari likaruka, nikashika kiti. Tulipofika hapa baba mkwe akafungua mlango akaiona, akafoka mbele ya watu wote, "Nani kachafua gari langu?" Mimi bi harusi, nimefunikwa. Ukasema, "Ni mimi, baba. Nisamehe." Na hina wewe ulikuwa umepaka ncha za vidole tu! Akakusema mpaka ukaenda kukaa uani na wapishi. Hukulia. Kesho yake ukashuka Kigoma, ukapanda treni ukarudi.

Papa Esperansi akaniuliza, "Mama, hii nafunika? Naweka rangi mara mbili, inapotea kabisa." Shemeji yako alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Mkono wa da Mwanahawa ule," akasema. "Baba alivyofoka siku ile!"

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Halafu nikasema, "Si wake."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kidole chako kidogo kimepinda. Tazama."

Kile nilichokivunja kwenye kinu, dada, tukiwa watoto. Nikaweka mkono juu ya alama. Umenenepa siku hizi, umepata mikunjo, lakini kile kidole kikaingia mahali pake kama ufunguo.

"Miaka yote hiyo umejua ukanyamaza?"

"Mwenyewe da Mwanahawa alinyamaza, mimi niseme kama nani? Na nyumba hii msemaji yupo mmoja, anatosha." Akanywa chai yake. Baadaye akasema taratibu, "Yeye lako alikutunzia, Mama Zainabu."

Bora angenipiga kofi. Nilikwenda kukaa uani, palepale ulipokaa wewe, nikalia. Nimepeleka siri za watu mpaka Uvinza. Siri moja tu katika maisha yangu ndiyo niliyoweza kuitunza, na ni ile iliyokuwa inakuchafua wewe.

Maana walikucheka dada, sikukwambia. Kila sherehe ukoo huu wanakutaja, "yule dada wa pwani mwenye mkono." Wifi yangu Asha wa Titye ndiye kinara. Na mimi nilikuwa nacheka nao.

Ijumaa iliyopita walikuja wote kupanga harusi. Asha akaingia kuliona gari, akapiga kelele, "Heee! Mkono wa yule dada wa pwani bado upo!" Wakacheka. Nikasimama katikati yao, kijiko cha pilau mkononi.

"Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyechafua gari la mzee. Dada yangu alibeba aibu yangu ili nisianze ndoa kwa matusi, nami nikamwacha aibebe miaka thelathini."

Asha akasema, "Na wewe ulikuwa unacheka nasi?"

"Nilikuwa nacheka."

"Ama kweli unao mdomo, lakini hili sikulitegemea." Halafu akanitazama, akasema, "Akija nitamtandikia kitanda changu mwenyewe." Asha huyo, dada, hampi mtu hata mto.

Gari limekwisha. Baba wa nyuki alituletea nta kutoka Kumsenga, Papa Esperansi akaiyeyusha na mafuta kidogo (si mawese!), tukasugua kwa fulana kuukuu mpaka ngozi ikalainika kama sikio la mtoto. Ndani kunanukia asali. Jogoo nimemfungia. Shemeji yako jioni anakwenda kukaa tu mle, hawashi hata injini. Viti vyote vimerudi rangi ya maziwa, isipokuwa pale. Nilimwambia Papa apake rangi kuzunguka mkono, asiufunike. Alipaka na brashi ndogo ya kope, ulimi nje, asubuhi nzima.

Zainabu anataka mama yake mkubwa akae naye nyuma, amshike mkono mpaka Kibondo, kama nilivyoshikwa mimi. Wifi zangu wameniambia nikae mimi. Nimekataa. Ile ni nafasi yako. Barabara siku hizi si ile ya makorongo, hutatapika.

Nimejitoa kwenye kundi la ukoo. Mwenyewe, bila kufukuzwa, wiki ya tatu sasa. Sijui nani kazaa wala nani kaachwa, nakaa kama kipofu. La Mzee Bakari sitaliuliza tena mpaka ulitaje wewe, na usipolitaja, basi.

Nisalimie binamu Mwanaidi, mwambie asinitumie chochote kwanza. Nisalimie shangazi wa mkate wa kumimina, na wanao wote wawili, hasa yule mkubwa aliyenuna zaidi. Mwambie mama mdogo amekiri kosa. Msalimie na mjukuu, umbusu shingoni. Shemeji yako anakuamkia, na Papa Esperansi anauliza kama mwenye mkono atakuja. Nimemwambia mwenye mkono yupo, tunamngoja mwenye moyo.

Barua hii anakuletea mke wa muuza vitenge, anashuka pwani kesho. Nimeifunga kwa gundi ya viatu asiisome, maana anafanana na mimi. Kama bado hutaki kuongea nami, usipige simu. Nitumie hina tu ya bi harusi, ile ya Pangani, ifunge kwenye gazeti umpe huyohuyo. Nikiiona nitajua unakuja nyuma yake. Na sitamwambia mtu, dada. Hata Zainabu. Watakuona tu unashuka.

Mdogo wako mwenye kidole kilichopinda,
Tatu, Mama Zainabu.