Jina Lako Kwenye Kosa Langu

Dada Aziza,

Ninakuandikia nikiwa kwenye meza yetu, ofisini hapa bandarini, na ninaogopa. Patron, bosi wetu, atafika saa tatu. Kabla hajafika, nataka wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka ulivyonifundisha Git, ile programu inayotunza kila badiliko la kazi yetu pamoja na jina la aliyeliandika? Tulikuwa tumeanza kuandika programu ya kujumlisha uzito wa mizigo ya boti, kila mtu na kompyuta yake, nami nilihifadhi kila badiliko kwa ujumbe karibu uleule. Ukasoma orodha, ukacheka mpaka ukashika meza.

"We mutoto! Nimerekebisha, nimerekebisha tena, nimerekebisha kabisa. Umerekebisha nini? Mipira ya gari?"

Kisha ukanipeleka kwenye garaji ya baba, Buyenzi. Tulimkuta akimkabidhi mteja chuma kuukuu alichokitoa kwenye gari lake, kimefungwa kwenye gazeti.

"Unaona?" ukasema. "Fundi wa kweli anakurudishia kipande ya zamani, anakuambia juu ya nini ameitoa. Git ni hiyo tu. Ya zamani haitupwi, na fundi anajulikana jina."

Siku tulipogusa mstari mmoja wa programu sote wawili, Git ilikataa kuunganisha kazi zetu hadi tukae tuchague. Ulishinda wewe. Ulishinda karibu kila mara.

Tangu tukuzike, nafanya kazi peke yangu, kwenye kompyuta yako. Sikubadilisha kitu, hata jina lililoandikwa ndani ya Git. Kila nilichohifadhi kilitoka kama umekiandika wewe. Nilijua, Dada. Nilipenda kuona jina lako likiendelea kushuka kwenye orodha, kana kwamba bado uko kazini.

Siku mbili baada ya arobaini yako, mteja alileta unga kwenye magunia ya kilo ishirini na tano. Tulikuwa tumekubaliana, mimi nawe, kwamba kila badiliko lijaribiwe kwanza kwenye tawi la pembeni, ile nakala ya majaribio. Mimi nilifuta hamsini, uzito wa gunia uliokuwa kwenye programu, nikaweka ishirini na tano moja kwa moja kwenye tawi kuu linalotumika kazini, kwa magunia yote. Ujumbe: "nimerekebisha". Hakukuwa tena na mtu wa kunicheka.

Jana asubuhi boti ya Kigoma ilipakiwa sukari, magunia ya kilo hamsini, kwa kufuata karatasi ya programu yetu, iliyohesabu kila moja kilo ishirini na tano. Nahodha akaona maji yanavyopanda ubavuni.

"Shusheni! Karatasi inasema ingine, ziwa inasema ingine!"

Mabaharia walikuwa wameshapanda. Walishusha mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeumia, lakini kila nikifumba macho naiona ile boti katikati ya ziwa.

Patron akataka kujua nani aliandika ule mstari. Nikafungua historia ya Git. Jina lako.

"Aziza," akasema polepole. "Mungu amurehemu. Maiti haiulizwi." Hakutazama tarehe. Akasema leo ataandika ripoti, kisha ataenda Buyenzi kumweleza baba kwa upole.

Nikamwacha aondoke akiamini hivyo. Na kwa pumzi moja, niliona nafuu. Nafuu ile ndiyo inayonitisha kuliko kufukuzwa kazi.

Nilifikiria pia kuiandika historia upya, ili kosa lifutike. Git inaruhusu, nawe ulinifundisha namna, ukanionya papo hapo: kazi ambayo wengine wameshaichukua usiiguse, utakuwa unadanganya watu wote kwa mara moja. Nikaamua kuiacha ilivyo.

Asubuhi hii nimeweka jina langu kwenye kompyuta yako. Dakika nzima nilishindwa kubonyeza, kwa sababu kuanzia hapo hutaandika tena chochote. Kisha nimerudisha hamsini, na ujumbe wangu haujawahi kuwa mrefu hivi: "Gunia lirudi kilo hamsini, kwa sababu boti ilipakiwa kupita kiasi. Ishirini na tano niliiweka mimi, kwa jina la Aziza, bila kujaribu. Tazameni tarehe: yeye alikuwa ameshazikwa."

Nimeituma. Hairudi.

Gari la patron limesimama nje. Nitamfungulia ujumbe huo ausome mwenyewe; sijui kama kesho nitakaa kwenye meza hii. Baba anawarudishia wateja kilicho chao hata kikiwa kimevunjika. Mimi nakurudishia jina lako, zima.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako, leo kwa jina lake mwenyewe,
Idi