Kiwiko Juu, Maji Nyuma

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Natumaini mgongo wako umetulia, na yale mazoezi ya daktari huyakwepi kama ulivyozoea kukwepa kila kitu cha daktari. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Binti yako aliyekukabidhi barua hii ni mzima, huna haja ya kuuliza. Mtazame kwanza, dada, umtazame vizuri, ndipo ukae usome.

Najua alikupigia simu akakwambia mjomba kamwokoa kwenye bwawa la kuogelea. Ujumbe wako wa shukrani niliupata. Kila nikiusoma naona haya. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako tu nitakata kabla sijakueleza.

Mambo yalianzia darasani, huku ulikomleta akae kwangu asome. Nilikuwa nawafundisha kina mwanao habari za nguvu na mwendo, nikaleta beseni la maji na mwiko bapa. Nikawaonyesha kwamba ukiupitisha mwiko kwa ukingo, unakata maji kama kisu na hupati kitu. Ukiugeuza ubapa, maji yanakataa, na huko kukataa kwake ndiko kunakokupa pa kushika. Nikawaambia mwogeleaji mzuri hapigi maji. Anaacha kiwiko juu, kiganja na mkono hadi kiwikoni vinakuwa kasia moja, anasukuma maji nyuma, nayo yanamsukuma mbele. Akiyasukuma chini anainua kichwa tu. Miguu inazama, mwili unasimama wima, na yeye mwenyewe anakuwa ukuta wa kujizuia njia.

Watoto wakanibatiza jina Kiwiko. Mwalimu mkuu aliposikia akafurahi mno, akasema mtu wa namna hii ndiye wa kuwasimamia wanafunzi bwawani kila Jumamosi asubuhi. Hakuniuliza zaidi, nami sikusema zaidi.

Jumamosi ya tatu, mtunza bwawa alisikia pampu inakoroma. Akaniambia, "Mwalimu, nakuachia watoto, dakika mbili tu." Nikatikisa kichwa kukubali. Dada, kutikisa kichwa huko ndiko kunakoninyima usingizi.

Mwanao alikuwa upande wa kina kirefu, mbali na wenzake. Nilidhani anacheza. Kisha nikaona mikono yake inapiga maji kwenda chini, haraka haraka, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena. Macho yake yakanipata. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kupigia.

Miguu yangu iligoma. Nyuma yangu, hatua nne tu, ukutani, palikuwa na ule mti mrefu wa kuwavutia wanaozama. Sikuukumbuka. Nilichokuwa nacho ni koo, nikapaza sauti ileile ya darasani: "Lala juu ya maji! Kiwiko juu! Sukuma nyuma!" Sijui alisikiaje. Akajilaza. Mkono mmoja ukaenda mbele, ukashika maji, ukasukuma. Halafu wa pili. Nilihesabu misukumo mitano mpaka vidole vyake vikagusa ukingo. Nikapiga magoti nikamkamata kifundo cha mkono, nikashindwa kumwachia hata alipokuwa amekaa sakafuni anakohoa.

Wenzake wakashangilia. Mtunza bwawa akarudi mbio, akasema nina moyo wa chuma, mwingine angekurupuka akajitosa bila kufikiri. Nikazipokea sifa zote.

Dada, sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Sikubaki ukingoni kwa busara, nilibaki kwa woga. Kama mwanao asingesikia, ningesimama palepale nikimtazama. Mimi ndiye mtu mzima pekee aliyekuwapo, nilikubali kazi nisiyoiweza kwa sababu niliona aibu kusema hapana. Aliyemwokoa binti yako ni binti yako.

Nimeshamweleza mwalimu mkuu. Alisimamisha safari za bwawani hadi wapatikane watunza bwawa wawili waliosomea uokoaji. Mimi naenda kila jioni baada ya masomo. Mtunza bwawa ananifundisha upande wa kina kifupi, maji yakinifika kifuani tu, na bado meno yanagongana. Jana nilizamisha uso nikahesabu hadi nne. Nilipoinuka nilikuwa nalia, akajifanya hajaona.

Mwanao hajui haya. Anajivunia mjomba wake mtaa mzima. Mwambie wewe, au niite niisome barua hii mbele yenu wote wawili, utakavyoona. Ukiamua asirudi kwangu, sitauliza sababu; nitaleta sanduku lake na vitabu mwenyewe, nitasimama mlangoni unikaripie. Ukimrudisha, mrudishe akiwa ameshajua anarudi kwa nani.

Nisalimie shemeji na watoto. Naogopa jibu lako, dada, lakini lilete, hata likiwa kali.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu