Kuku wa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Ruring'u tuko salama, babu yako anakohoa kidogo tu. Simu yako haishiki tangu asubuhi, ndiyo maana nimempa barua hii jirani anayepanda huko kwako Endarasha. Jana uliniuliza kama utawaachilia kuku alioleta mama mkwe wako kutoka Karatina waingie na wako, asione umewadharau. Tafadhali, ngoja kwanza.

Nilipokuwa msichana, mama mkwe wa dada yangu alituletea mtetea mnene. Mama alimfungia peke yake nyuma ya ghala, akawa anamlisha mwisho, baada ya kuku wetu. Mama mkwe huyo alipoona hivyo alikataa chai. Niliona aibu sana. Kabla ya mwezi kwisha mtetea alipiga chafya, macho yakavimba, akafa. Wetu hawakuugua.

Baadaye mama alimpelekea mkwe huyo kuku wetu mmoja. Hata kabla ya kuketi, mama akasema, "Mfungie kando mwezi mzima. Kuku mgeni ni mgeni, hata akiwa wangu." Mkwe akacheka, akateleka chai.

Mwambie mama mkwe wako maneno hayo. Na kama umeshawachanganya, usinifiche. Jirani anarudi jioni. Asije mikono mitupu; mpe jibu lako.

Nyanya yako