Winchi ya Umoja

Jumanne, 9 Machi 1993

Mvua, siku ya sita. Jani la chai la wiki nzima limeozea bandani. Lundo jeusi, linafuka mvuke. Nimelitukana kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyakyusa, na lilipozidi kunuka nikalitukana kwa Kiingereza.

Barua ya kiwanda imefika. Lori lao halipandi tena mtelemko wa Nsyasya mpaka kiangazi. Wakulima wa huku juu tulipeleke jani wenyewe hadi kwenye mizani ya barabara ya lami, kila Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Tukikosa wiki mbili mfululizo, njia yetu inafutwa moja kwa moja, hawanunui tena kwetu. Familia sabini na mbili! Mahindi yakikosa mnunuzi utayala. Chai utaila?

Haya ndiyo matunda ya ruksa. Zamani tulihubiriwa kujitegemea na watu waliopanda magari ya serikali. Leo tunahubiriwa soko huria na watu walewale, magari yaleyale, kofia tofauti.

Sisi tuna Landrova moja, urithi wa ushirika uliokufa. Yenyewe inapanda. Ikifungwa tela la jani, inazama Nsyasya mpaka kwenye milango. Nimesoma kitabu cha gari hilo chote, jalada hadi jalada. Dawa ni winchi, mashine ya waya ya kuvutia mzigo topeni.

Nimemwambia Anyelwisye, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ni mwenyekiti wa Umoja wetu wa wakulima na dereva, mimi katibu. Amecheka. Shemeji, wewe ukishasoma kitu, sisi wengine tujiandae kutoka jasho! Lakini kakubali palepale. Mwaka jana nilipopunguzwa kazini, kule Elimu ya Watu Wazima, ndiye peke yake aliyekuja kukaa nami bila kunipa ushauri. Hilo siwezi kulisahau.

Alhamisi, 18 Machi 1993

Kiwira kutwa nzima. Winchi tumeipata! Kampuni ya wajenzi wa barabara ilikuwa inauza vyombo vyake ikiondoka. Ya umeme, ngoma nzima, waya haujakatika hata uzi mmoja.

Fundi ni Meshaki. Alijifunza kazi karakana ya mgodini, na ana ulimi kama msasa. Kaipiga teke bampa ya Landrova. Mwalimu, hili ni bati la kuzuia mbuzi. Ukifunga winchi hapa, siku ya kwanza itaondoka na bampa, gari mtaliacha topeni likiwatazama.

Basi bampa ya zamani imetoka. Amekata chuma kinene chenye umbo la mfereji, akakifunga kwenye ncha mbili za chasisi, bolti nne kila upande. Winchi imelala ndani ya mfereji huo kama mtoto kwenye mbeleko. Mbele kuna tundu lenye roli nne, waya unapita hapo usijikwaruze. Mwanzo aliiweka juu mno, ikaziba hewa ya rejeta. Nikamwambia injini itachemka. Kanitazama. Umeyasoma wapi hayo? Kitabuni. Kaishusha, akinung'unika kwamba wanawake wanaosoma wataua ufundi.

Anyelwisye alishika kila bolti huku Meshaki akikaza nati. Mikono yake yote mafuta. Tulikula ndizi na maharage kutoka sahani moja, watatu, juu ya boneti.

Jumamosi, 20 Machi 1993

Jaribio. Aibu na kicheko!

Tela la magunia tumeliweka kando ya mkaratusi ulioanguka, chini kwenye tope. Landrova juu, pakavu. Waya ukavutwa hadi kwenye tela, Anyelwisye akabonyeza kitufe. Tela likatulia kama kanisa. Gari ndilo likaanza kushuka! Tulisahau mawe kwenye magurudumu. Landrova ikaenda polepole kwa adabu, ikamfuata mwenzake topeni, na wanawake wote wa Umoja wakipiga vigelegele wakidhani ndivyo inavyotakiwa.

Mara ya pili tuliweka mawe, tukatupa gunia lililoloa juu ya waya, ili ukikatika usiruke kumchinja mtu. Tela likapanda. Taratibu, likilia, lakini likapanda lote. Atupele, rafiki yangu tangu nilipoletwa huku kama bibi harusi, alilia wazi. Kasema hajawahi kuona kitu cha Umoja kikifanya kazi siku ileile iliyosemwa kitafanya kazi.

Jumatatu, 29 Machi 1993

Ijumaa tulifikisha jani. Karani wa mizani alitoka nje kutazama bampa, akaizunguka mara mbili. Jana mchungaji ameiombea, mkono juu ya ngoma ya waya. Mimi si mtu wa kuombea vyuma. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nimeanza barua kwa mhariri kuhusu wakulima wanaojitengenezea barabara wakati wawekezaji wanatengenezewa misamaha ya kodi. Kali. Nitaituma.

Jumapili, 11 Aprili 1993. Pasaka

Ijumaa hii hatukupeleka jani. Anyelwisye anasema klachi imekwisha, gari halitoki. Wiki moja imepotea. Bado moja.

Kanisani Atupele hakuketi karibu nami. Kasema benchi la mbele lina hewa. Benchi la mbele!

Jumanne, 13 Aprili 1993

Wameniuza.

Nilikwenda asubuhi kwa Anyelwisye kuuliza klachi. Gari halipo. Mkewe akaangalia chini, akasema liko kwa Tata. Yaani kwa baba mkwe wangu.

Niandike taratibu, hasira isinile maneno. Mkamwana wa Kinyakyusa hakanyagi ua wa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hasemi naye. Miaka ishirini na sita sijaingia pale. Nikikutana naye njiani naingia kwenye chai mpaka apite. Alipougua nilipika, akapelekewa. Nimeandika magazetini dhidi ya mahari, dhidi ya kurithi wajane, dhidi ya kila kitu ambacho wazee wanakiita chetu. Hili sijaligusa. Siyo woga, ni heshima. Au ni woga uliovaa vizuri. Sijui.

Anyelwisye anajua. Kikao cha Umoja amekiitisha Jumamosi, mkesha wa Pasaka, na mahali pa kikao ni uani kwa baba yake! Kikao kimekubali Landrova na winchi yake ikodishwe kwa mfanyabiashara wa magogo kutoka Mbeya, kuanzia Ijumaa hii mpaka Desemba. Gari lenyewe limeegeshwa humohumo uani. Kufuli gani ingekuwa bora kuliko hiyo? Nimefungiwa nje kwa adabu yangu mwenyewe.

Klachi ni nzima. Haikuwahi kuugua.

Jumatano, 14 Aprili 1993

Nimemkuta Anyelwisye kisimani, ananawa buti. Sikumsalimia. Nimemwuliza kama ana uso wa haya.

Hakupandisha sauti, na hilo limeniumiza zaidi. Shemeji, tulia. Huyu mtu wa magogo ameahidi kuchonga barabara ya Nsyasya. Tukiwa na barabara, winchi ya nini?

Ameahidi kwa maandishi?

Kwa mdomo.

Na nani atausoma mdomo huo mahakamani? Na jani la Ijumaa hii?

Kasema tutazungumza na kiwanda. Na kiwanda! Kiwanda ambacho hakitaki hata kuchafua tairi zake kwa ajili yetu.

Halafu akanitolea muhtasari wa kikao, umekunjwa vizuri, mwandiko niliomfundisha kuunyoosha mimi mwenyewe. Kwenye mahudhurio kaandika: Katibu alialikwa, hakufika. Kila neno ni kweli. Barua ya mwaliko niliikuta chini ya mlango Jumapili jioni, baada ya kikao, nikadhani ni mambo ya kwaya, sikuifungua. Nilipotaja katiba yetu akanikumbusha ibara ya tisa: kikao halali kitaketi popote ndani ya kijiji. Nani aliiandika ibara hiyo, shemeji? Niliiandika mimi. Kwa fahari kabisa, ili viongozi wasijifungie ofisini Tukuyu.

Mtu akikuibia kwa kisu ulichomnolea, unalilia kisu au mkono?

Nimepita kwa Atupele. Yeye naye alinyoosha kidole kukubali. Hakukana. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Mwalimu, wewe unapigana na meneja, unapigana na mkuu wa wilaya, unapigana na mchungaji. Sisi tunakuja nyuma tumebeba magunia. Tumechoka kupigana. Mtu kaja na ahadi ya barabara, tukasema haya.

Nimemwambia kwa hiyo mkanisubirisha nje ya ua kama mbwa.

Kasema hakuna aliyekufukuza, Mwalimu. Ni wewe usiyeingia.

Nimetembea hadi nyumbani bila kuhisi mvua. Yule mwanamke amesema kweli, na simsamehe.

Alhamisi, 15 Aprili 1993

Nimeshuka Tukuyu kumwona ofisa ushirika. Yuko semina. Semina ya nini? Ya kuvutia wawekezaji! Karani wake kasema niache barua. Nimeiacha. Kurasa sita.

Meshaki nimempata hapohapo mjini, Makandana, kaja kununua nati. Nimemweleza yote. Kakuna shingo. Kasema gari analiendesha, jani atalifikisha, mkataba na mtu wa magogo haumhusu. Lakini haingii uani kwa mzee wa watu na kuchukua gari kama mwizi. Awepo kiongozi wa Umoja, asimame pale mchana kweupe. Mwenyekiti au katibu.

Nimemwambia katibu atakuwapo. Kacheka, akaona sicheki.

Ijumaa, 16 Aprili 1993

Magunia yako tayari bandani, arobaini na moja. Mizani inafungwa saa sita. Tusipofika leo, njia inafutwa. Hakuna wiki ya tatu.

Naandika nimekaa juu ya bampa ya Landrova, mgongo kwenye winchi. Ndani ya ua wa baba mkwe. Naandika ili nisiinue macho. Nikiinua nitamwona.

Niliingia saa mbili na nusu, kanga mbili kichwani, Meshaki nyuma yangu. Mzee alikuwa kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Nilikusudia kuingia kama hakimu. Miguu ilinigeuka pale kwenye miiba ya ua, nikaingia kama mwali, nimeinama, natazama kuku. Nikasikia kigoda kikisogea. Amenigeuzia mgongo, uso kwenye migomba. Hata yeye anajua kanuni. Sote wawili tumevunjwa na mtu mmoja.

Gari limefungwa. Ufunguo haumo. Meshaki kasema bila ufunguo yeye ni mtazamaji tu.

Watu wamejaa uani. Nasikia minong'ono. Ee Mungu, mwalimu kaingia! Mmoja kasema sasa mvua itazidi. Mwingine kasema izidi wapi, imebakiza kuingia vitandani. Wamecheka kidogo.

Saa tatu na robo. Anyelwisye kaja mbio. Hakunijia mimi. Kaniita toka mbali, kwa sauti ya huruma, huruma! Shemeji, unajiaibisha. Unamwaibisha na Tata. Toka, tutazungumza nje.

Nje! Ndiko alikoniweka wiki nzima.

Nimejibu nikitazama daftari hili. Kikao halali kitaketi popote ndani ya kijiji, mwenyekiti. Nimeketi.

Mtu kacheka kwa nguvu. Nadhani ni Meshaki.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Mzee amesema. Si kwangu, hawezi. Amemwambia Atupele, ambaye kaja naye kutazama, na Atupele ananiletea neno hatua tano kana kwamba nipo ng'ambo ya mto.

Mwalimu, Tata anauliza: ni kweli ulikubali gari litolewe? Aliambiwa mkwe wake amekubali kabla ya kikao, ndiyo maana akatoa ua wake.

Nimesema mwambie hapana.

Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo.

Nimemtazama Anyelwisye, yeye naruhusiwa kumtazama. Alikuwa anatazama buti zake. Kaunajisi ua wa baba yake mzazi kwa uongo, na uongo wenyewe umevaa jina langu.

Atupele karudi. Tata anasema ufunguo anao, alipewa autunze. Hatampa Meshaki, gari si la Meshaki. Hatampa mwanawe. Mwenye kazi ya Umoja aje auchukue mwenyewe mkononi.

Nimemwambia Atupele akauchukue yeye, aniletee. Kaenda. Karudi mikono mitupu. Anasema hapana. Tata kamwambia wewe ndiye uliyenyoosha kidole.

Anyelwisye: Tata, huyu ni mkamwana wako! Mbele ya watu wote hawa? Utakufa na laana!

Mzee hajageuka. Ila mkono umetoka chini ya koti, umenyooshwa kwa nyuma, kiganja juu. Nauona mpaka kwenye kifundo, juu ya hapo sitazami. Mkono wa mume wangu, uliozeeka. Ufunguo upo katikati.

Ni hatua nne. Kupokea ni lazima kwa mikono miwili, na kupiga goti, na kusema ndaga, asante. Kusema!

Meshaki anasema saa tatu na nusu, Mwalimu, na Nsyasya peke yake ni saa nzima. Huko chini nasikia gari kubwa linabadilisha gia, si la kiwanda, watu wa magogo hao, wanaifuata Landrova. Anyelwisye amelisikia naye, ameanza kutabasamu.

Mkono wa mzee unashuka kidogo kidogo. Hawezi kuushika hivyo muda mrefu. Naweka kalamu chini, nakwenda kuupokea.